Faruma ya Abrahman wa Fumba

Nilikuacheni wiki iliyopita mimi nimekaa mbele ya kompyuta ya Maha, Mlandege, nimeshajibandika jina la mwanamme. Walioniandikia gazetini kunitukana nimewasoma. Waliosema "Bi Ruqaya, na sisi tungefanya hivyo hivyo" nimewasoma mara mbili.

Kwa mwenye kuanza leo, nampa ufupisho, halafu asiniulize tena.

Mume wangu ni Talal. Nimekaa naye Kiponda zaidi ya miaka ishirini, nikamzalia Mazin aliyeko Maskati. Kisha akamuoa Khairat, mshona kofia, akamweka Mpendae. Zamu zikagaiwa sawa, majirani wakaja kunipa pole, nami nikawapa chai wakaondoka na hamu yao ya kuniona nalia.

Ila Ijumaa ilibaki yangu. Talal haendi kusali Ijumaa ila kwa kofia ya kiua niliyoifua mimi, nikaitia wanga, nikaivalisha kwenye faruma. Faruma, kwa msioijua, ni gogo la mti lililochongwa mfano wa kichwa. Kofia mbichi unaivalisha hapo, na ikikauka inasimama wima. Yangu ni ya mti wa mfenesi, nimeirithi kwa marehemu baba, na imemlingana Talal utadhani ilichongwa kwa kichwa chake. Kwa hivyo hata zamu ikiwa ya Mpendae, Ijumaa asubuhi lazima apite kwangu, achukue kofia, anywe chai, anitazame. Hiyo ndiyo mali niliyobaki nayo baada ya kuolewa mwenzangu, na nilikuwa tayari kuigombania.

Basi mwaka ule, elfu mbili na tano, Khairat akajiunga na Baraza la Sindano. Ni mahala kwenye intaneti ambapo wapenda kushona na kufuma, wa hapa Zanzibar, wa Mombasa, wa Maskati, hata wa London, wanaonyeshana kazi zao. Kila mwanachama ana ukurasa wake uitwao Natamani. Anaandika humo kitu anachokitaka, na dunia nzima inasoma. Na mstari wa kwanza wa Natamani ya Khairat niliusoma kwa macho yangu mwenyewe: faruma ya kichwa cha inchi ishirini na mbili na nusu.

Hicho ni kichwa cha Talal. Akishaipata hiyo faruma, Ijumaa yangu imekwenda Mpendae pamoja na siku nyengine.

Nikajiandikisha kwa jina la Abrahman, mzee wa Fumba, nikamuahidi faruma. Si kwa kumpa. Kanuni ya Baraza ni kuwa kitu kikishaahidiwa kinawekewa alama, na wengine wote wanakaa mbali nacho, kwani ni aibu kumuingilia mtu ahadi yake. Nilimuahidi ili asipewe na mtu mwengine maisha yake yote. Hapo ndipo tulipofika.

Ijumaa iliyofuata Talal alikuja mapema. Alikuwa ananukia udi, na udi wangu naujua, ule haukuwa wangu.

"Assalaam alaykum, Mama Mazin. Kofia tayari?"

"Wa alaykum salaam. Lini haikuwa tayari?"

Akakaa, nikammiminia chai. Akaigeuza kofia mkononi, akapitisha kidole upande wa nyuma, palipo na mstari mdogo. Mstari ule unatokana na ufa. Faruma ilipasuka mwaka wa nyuma yake, nami nikaizungushia kitambaa, na sikumwambia mtu.

"Imekaaje?" nikamuuliza.

"Imekaa vizuri." Kisha akacheka peke yake. "Mwenzio ana furaha wiki hii. Kapata mtu wa kumpa faruma."

"Mtu gani?"

"Mzee mmoja wa Fumba, Abrahman. Wamejuana huko kwenye kompyuta zao."

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na kisa cha kuwahadithia. Lakini lile neno "ana furaha" lilinichoma. Mimi nikifurahi hakuna anayekwenda kuhadithia nyumba ya pili.

"Umemuona huyo mzee?"

"Nitamuonea wapi?"

"Basi umejuaje kama ni mzee?"

Talal akakiweka kikombe chini.

"Mie sisemi kitu," nikasema, na mtu akianza hivyo jueni anasema. "Nauliza tu. Mwanamme asiyejulikana anampa mke wa mtu faruma, bure, kwa lipi? Na ukurasa wenyewe uko wazi, kila mwanamme anasoma mkeo anatamani nini. Kwetu sisi mwanamke akitaka kitu anamwambia mumewe chumbani."

"Wewe hujaniambia unataka kitu tangu nkuoe."

"Hujaniuliza."

Akavaa kofia akatoka, chai hakuimaliza. Nilisimama dirishani nikamtazama anavyoshuka uchochoro, na kusema kweli nilifurahi. Nilikuwa nimetia ndimu kwenye maziwa ya mwenzangu, sasa nasubiri yakatike.

Jumatatu nikaenda kwa Maha. Maha ni binamu yangu, tumelelewa pamoja, na duka lake la intaneti liko ghorofani, juu ya wauza vitambaa. Yeye ndiye anayeandika, mimi nasema tu, kwani vile vidude vya herufi nikivigusa mimi vinaandika vinavyotaka vyenyewe.

"Umejibiwa," akasema. "Na mie nakwambia, bibi we, mchezo huu utakutokea puani."

"Soma."

Akasoma: "Shikamoo Mzee Abrahman. Nashukuru kwa ahadi yako, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Faruma yako ni ya mti gani? Na jengine, nimeona ukurasa wako wa Natamani ni mtupu, na watu wanauliza. Mtu anayetoa tu na hataki kitu, hapa wanamuogopa. Nambie unatamani nini nami nitafute. Kama ni cha kushona, nitakushonea."

Mke mwenzangu ananiamkia. Uso kwa uso huniamkia pia, lakini hapo ameamrishwa na mumewe. Hii ilimtoka moyoni, ikaenda kwa mzee asiyekuwepo, na mimi nikamuonea wivu hata huyo Abrahman niliyemzua mwenyewe.

"Mwandikie ya mfenesi," nikasema. "Imara, ya kazi ya zamani."

"Na unatamani nini?"

"Sitamani kitu."

"Haiwezekani. Ukurasa ukiwa mtupu watakutoa."

"Kwani lazima watu wote wawe waombaji?"

Maha akageuza kiti akanitazama. Ana mtindo huo akitaka kunifundisha jambo.

"Si kuomba, Ruqaya. Kuna mtu London ana kisanduku cha nyuzi za marehemu mama yake. Kuzitupa hawezi, kuzitumia hajui. Siku anapita kwenye Natamani anaona fulani wa Zanzibar anazitaka rangi zile zile. Anazifunga anazituma, roho yake inatulia. Ule ukurasa unamfaa mtoaji kabla hujamfaa mtakaji. Wangapi wanakupenda na hawajui wakupe nini?"

"Na asiyependwa?"

"Anaandika vile vile. Hujui nani atapita."

Akanisomea za wengine. Bibi mmoja wa Maskati anatamani uzi wa rangi ya kitambaa cha harusi yake, ili akamilishe pembe iliyoliwa na panya. Mwanamme wa Mombasa anatamani sindano zenye tundu kubwa, macho yake yanakwisha. Hakuna aliyeona haya. Nilikaa pale nikawahusudu watu nisiowajua, kwa sababu tu wameweza kusema.

Ukurasa wa Abrahman uko mbele yangu, mweupe. Nilitaka kusema mkasi. Nilitaka kusema uzi wa hariri, neno lolote la kumfunga Khairat mdomo. Likanitoka jengine.

"Andika natamani kuulizwa nataka nini."

Maha akaondoa mikono. "Hilo halitumwi kwa posta."

"Andika."

Akaandika. Halafu akaniambia kuwa kanuni inataka na anuani, kwani Khairat huenda akataka kutuma chochote. Hapo nikakwama. Abrahman hana sanduku la posta, na wanawake wa mji huu wenye sanduku lao wenyewe unawahesabu kwa vidole. La Talal haliwezekani. La duka Maha akalikataa katakata.

"Tia la Ghanim," nikasema.

Ghanim ni ndugu yangu, anauza vipuri vya magari huko huko Mlandege kwa ushirika na Talal, na sanduku lake ufunguo wake mmoja uko kwangu tangu zama za barua za Mazin.

Maha akaguna. "Ghanim si ndiye aliyepeleka posa kwao Khairat?"

"Hayo yamepita. Walimkataa, akaoa, ana watoto. Nani atayakumbuka?"

Najua mnanipigia kelele huko mlipo. Na Maha alinipigia. Lakini mtu mwenye wivu anaona kitu kimoja tu, na mimi nilikuwa naiona kofia ya Ijumaa.

Ijumaa ikaja. Kofia nilikuwa nimeiweka juu ya meza, karibu na faruma. Talal akaingia bila salamu ya maana, akasimama katikati ya ukumbi, viatu miguuni. Mwanamme yule hajapata kukanyaga mkeka wangu na viatu.

"Fumba nimekwenda," akasema. "Jana kutwa. Nimemuuliza sheha, nimeuliza msikitini, nimewauliza mpaka wachimba mawe. Abrahman mwenye faruma hawamjui."

"Nlikwambia," nikajibu, na sauti yangu ilikuwa tamu kuliko nilivyokusudia.

"Khairat hakunificha. Nilipomuuliza kanionyesha yote, barua kwa barua. Kanionyesha na sanduku la posta." Akaninyooshea kidole. "Sanduku lile nalijua kuliko jina langu. Karatasi za mizigo yetu ya Dubai zinapitia mle. La ndugu yako, Ghanim."

Nikaishika kofia pale mezani, nikajifanya naitengeneza.

"Kaposa kakataliwa, kanyamaza miaka yote hii, tunakula sahani moja dukani," Talal akasema. "Kumbe anajificha nyuma ya jina la mzee. Unajua kamwandikia nini mke wangu? Ati natamani kuulizwa nataka nini. Hayo maneno ya mwanamme kwa mke wa mwenziwe?"

Aliyasema kwa kubeza, amekunja pua. Ndiyo mara ya kwanza tangu anioe yeye kutaja ninachokitaka, na alikuwa anakitaja kwa kumtukana mtu mwengine.

"Labda si Ghanim," nikasema.

"Nani basi?"

Nafasi ilikuwa hiyo. Mlango wazi, mtu amesimama mbele yangu, ameuliza swali lenyewe. Mdomo niliufungua. Nikaufunga.

"Leo baada ya sala nimewaita Mpendae," akasema. "Ghanim, na baba yake Khairat. Nitasema mbele yao. Ushirika wa duka umekwisha, na Khairat atapata talaka yake aende kwao. Nipe kofia."

Nilimpa. Mikono yangu hii ndiyo iliyompa kofia ya kwendea kumuacha mwenzangu, nyeupe, imesimama vizuri, na mstari wake mdogo upande wa nyuma. Akaivaa mbele ya kioo, akapapasa ule mstari kama kawaida yake.

Kufika mlangoni akageuka.

"Na kinachoniuma zaidi unakijua? Faruma hakujitakia yeye. Kaitaka kwa ajili yako."

"Yangu mimi?"

"Kaandika pale pale, chini ya mstari. Ya Bi Mkubwa imepasuka, anaifunga kitambaa, anaona haya kusema, nataka nimpelekee nzima. Neno lile alinambia kabla, ndiyo nikampa ruhusa ya kujiunga. Nikajisemea, huyu ana imani." Akatikisa kichwa. "Kumbe najidanganya."

Akaenda zake.

Mimi niliwaambia nilisoma kwa macho yangu, na sikusema uongo. Siku ile Maha aliitwa na mteja, akaniacha na kioo cha kompyuta. Nikaona mstari wa faruma ndio wa mwisho, nikainuka na hasira zangu. Sikujua kama ukurasa wa kompyuta unaendelea huko chini usikoonekana. Mimi nilidhani unaishia pale kioo kinapoishia, kama karatasi. Na baada ya hapo sikuufungua tena, nikawa nasomewa barua tu.

Mngependa niseme kuwa niliposikia hayo nililia, nikajuta, nikampenda Khairat. Sikulia. Wivu ulinipanda upya, na huu wa mara hii ulikuwa mkali kuliko wa kwanza. Kumbe ufa wangu ameuona. Kumbe wamekaa Mpendae, mtu na mkewe, wanazungumza kitambaa changu na haya zangu. Talal alikuwa akipapasa ule mstari kila Ijumaa na kunambia imekaa vizuri, kumbe anajua. Ile Ijumaa niliyodhani ni mali yangu walikuwa wananiachia kwa huruma.

Adhana ikalia. Mtaa ukawa kimya, maduka yakafungwa.

Nikakaa na faruma mapajani. Sitawadanganya, niliwaza kwa utulivu kabisa. Nikisema, Talal atajua nimejifanya mwanamme nikamfitini mke wake, nikamtia ndugu yangu matatani, na talaka aliyoikusudia Mpendae itahamia Kiponda. Nikinyamaza, Khairat anakwenda kwao leo. Ghanim atapoteza duka na jina, lakini Ghanim ni mwanamme, atajitetea. Na mimi siku zote saba zitakuwa zangu, bila ya udi wa mtu.

Nilikuwa bado nayapima upande huu na ule niliposikia hodi.

Sikuitika. Mlango ukasukumwa. Alikuwa Khairat, yuko peke yake, buibui limejaa vumbi la njia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba."

Akavua viatu, akaja akakaa chini kwenye mkeka, karibu yangu. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia. Akaitazama faruma, akanyoosha mkono, akakigusa kile kitambaa kwa kidole kimoja.

"Faruma ya mfenesi," akasema, "mjini hapa naijua moja tu. Tangu uliponijibu mti wake, nilijua naandikiana na nani."

Sikukana.

"Mbona hukumwambia?" nikauliza.

"Ningemwambia mie, ungeachwa wewe." Akalitengeneza buibui lake begani. "Baba yangu ameshafika Mpendae. Ghanim naye yuko njiani, hajui anaitiwa nini. Khutba ikimalizika na wao wakisali, basi yamekwisha. Sikuja kukulaumu, Bi Mkubwa. Nimekuja kwa lile uliloliandika kwenye Natamani yako. Sikuweza kukutumia kwa posta."

Akaishika mikono yangu yote miwili, juu ya faruma.

"Unataka nini?"

Kutoka msikitini, sauti ya khatibu ilikuwa inatufikia dirishani, imeshaingia kwenye dua. Nilimtazama Khairat, kijana, mzuri, anasubiri jibu. Nilikuwa sijapata kuulizwa swali hilo na mtu, na jibu lililonijia mdomoni kwanza halikuwa la kumuokoa yeyote.